Pima Kumi na Tano

11 Januari

Kwako mke wangu mrefu,

Pokea salamu, nyingi kuliko vitunguu alivyokata mama yako mchana huu, na amekata vingi mpaka nyumba nzima tunatokwa machozi kama tumefiwa. Mimi mzima. Goti la kulia limegoma, la kushoto linangoja kuona mwenzake atapata nini kwa mgomo huo ndipo liamue. Mvua zimekatika, kwa hiyo kazi yangu ya kutengeneza miavuli imekaa kama mimi mwenyewe: imeegemea ukuta. Jana nilipata mteja mmoja tu, yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Kaleta mwavuli uliobaki mshikio na mti wake. Nikamwambia, "Mwalimu, hii ni fimbo." Akasema, "Basi nitengenezee fimbo."

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza bila miwani, nikaelewa kwamba umeolewa. Mara ya pili kwa miwani, nikaelewa umeacha kazi. Mara ya tatu ndiyo nikaelewa sawasawa: umeacha kazi ya duka la rangi, tena ya kukaa kwenye kiti, umekwenda pwani ya mbali kuzamia samaki kwa pumzi moja na bunduki ya mshale. Mama yako akaniuliza, "Baba, mtoto anasemaje?" Nikamwambia anasema mzima. Sikudanganya. Nilifupisha.

Umeniuliza kama nimekasirika. Nikasirike vipi nawe unafuata damu yako? Unajua mwenyewe babu yako ni nani. Ndiye mtu aliyeshuka pima kumi na tano kwa hewa aliyoivuta juu, akakaa chini akichagua samaki kama yuko sokoni, akarudi na mzigo usiobebeka. Sikio langu la kulia ndilo nililoliacha huko kama kiingilio. Pima kumi na tano, mke wangu! Nyoosha mikono yako miwili, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, hiyo ndiyo pima moja. Zihesabu kumi na tano kwenda chini, uone kama hutashika kiti.

Kamba yangu ya mafundo ipo. Ile ile niliyokuwa naishusha baharini, fundo moja kila pima. Mama yako ameifunga uani toka kwenye bomba hadi kwenye dirisha anaanika nguo. Hivi sasa kwenye pima ya tisa kuna shuka, na kwenye ya kumi na mbili kuna suruali yangu. Sifa za dunia zinaishia hivyo.

Simu uliyoninunulia iko salama ndani ya soksi. Sikio la kulia halisikii hata likitukanwa, na la kushoto nalitunza kwa ajili ya redio. Niandikie kwa mkono. Mimi niliishia darasa la nne, tena hilo la nne nililisoma miaka miwili kwa kulipenda, lakini mwandiko wako nauweza.

Ni mimi mumeo, mwenye sikio moja na miavuli isiyo na mvua.

*

2 Februari

Shikamoo mume wangu usiyesikia,

Mimi sijambo, nimekuwa mweusi mpaka nikisimama jikoni bila taa hunioni. Msalimie sana mama, mwambie nakula. Usimwambie nakula nini saa ngapi, mwambie nakula.

Chumba chetu kina vitanda viwili, sinki moja, na dirisha linalofunguka ukilipiga teke. Nguo zetu za kuzamia, zile za mpira, zinaning'inia nyuma ya mlango. Wiki ya kwanza kila nikiamka nilidhani kuna mpangaji wa tatu. Naishi na mwenzangu wa kazi. Kila mtu anamwita Nusu kwa sababu ya kimo chake, na yeye mwenyewe akipiga simu anasema, "Ni mimi Nusu." Zamani alikuwa anafundisha watoto kuogelea kwenye bwawa, na mpaka leo anaongea nami kama nina miaka sita. "Vuta hewa polepole! Umekojoa? Umekunywa maji?"

Kazi yetu iko hivi. Tunatoka alfajiri na boti ya jamaa mmoja mvuta sigara. Tunaweka boya, chini ya boya inaning'inia kamba ya mafundo yenye kipande kizito cha risasi mwishoni. Mmoja anashuka, mmoja anabaki juu ya maji uso chini, anamtazama mwenzake muda wote. Ndiyo sheria ya Nusu, na haina mjadala. Ukipanda, unapumzika mara mbili ya muda uliokaa chini. Samaki tunawauza kwenye mikahawa ya mjini, na mpishi mmoja anatupenda kwa sababu hatuleti wadogo.

Kamba nimeitengeneza mwenyewe, nimeipima kwa mikono yangu kama ulivyonifundisha uani nikiwa mtoto. Pima kumi na sita, nimeacha moja ya akiba. Babu, nimeshafika kumi na moja! Chini huko kuna mwamba wenye pango, na ndani ya pango, pale pale pima ya kumi na tano, anakaa samaki mmoja, chewa, mkubwa kama godoro la mtoto. Tunamwita Mwenye Nyumba. Anakaa mlangoni anatutazama kama tumekuja kuuliza chumba. Nikimwona nakukumbuka wewe. Nimejiapiza: mwaka huu nitafika kumi na tano kama babu yangu, nimgongee mlango.

Swali langu ni moja. Nikifika kumi na moja kifua kinaanza kupiga kwikwi, tumbo linaruka lenyewe linataka hewa. Nusu anasema hapo ndipo pa kugeuka, kwamba mwili umeshasema. Wewe ulikuwa unafanyaje pale chini kwenye kumi na tano?

Mkeo mrefu.

(Babu, hujambo? Ni mimi Nusu. Huyu mjukuu wako kichwa kigumu, lakini anaosha vyombo vizuri.)

*

20 Februari

Kwa wake zangu wawili, mmoja mzima na mmoja Nusu,

Hapa hatujambo. Mama yako amepata mafua, anapiga chafya mpaka paka amehama. Mvua imenyesha mara moja, siku ya Jumanne, nusu saa. Watu kumi na moja wakaniletea miavuli kwa pamoja, kisha jua likatoka, na hakuna aliyerudi kuchukua wake. Nimezungukwa na miavuli ya watu kama popo.

Huyo Nusu nampenda. Mwambie akichoka kuishi nawe, hapa kuna nafasi, na dari zetu ni fupi.

Sasa haya mambo yako. Kwanza nimefurahi. Nimemsomea mwalimu mstaafu kipande cha Mwenye Nyumba, akacheka mpaka fimbo yake ikaanguka. Watu wa hapa barazani wote sasa wanajua mjukuu wangu yuko pima kumi na moja. Wananiuliza, "Atakufikia?" Nawajibu, "Nitafikiwaje na mtu aliyezaliwa juzi?"

Halafu umesema kamba umeipima kwa mikono yako. Ile mikono inayofika juu ya kabati bila stuli? Mikono ambayo ukimkumbatia mtu vidole vyako vinakutana mgongoni vinasalimiana? Basi sikiliza. Ningekuwa wewe ningeifumua nikaipima tena huku nimekunja viwiko kidogo. Usiniulize kwa nini. Mtu mzima akisema kunja, kunja.

Bibi yako, Mungu amrehemu, ndiye alikuwa anakaa kwenye mtumbwi ameshika kamba. Mwanamke yule! Mdomo wake mdogo, macho yake makubwa. Alikuwa hasemi kitu mpaka nipande, kisha anasema, "Umekawia." Nikae chini kufumba na kufumbua, "Umekawia." Hata siku niliyotumbukia kwa kuteleza, nikatoka hapo hapo, alisema nimekawia.

Umeniuliza kifua kikipiga kwikwi pale kwenye kumi na tano nilikuwa nafanyaje. Nilikuwa nakiambia kinyamaze.

Mumeo.

Mama yako anasema kanzu yako ya kijani bado iko hapa, na panya wameiona.

*

9 Aprili

Shikamoo babu,

Natumaini wote wazima, na mafua ya mama yamekwisha. Mimi mzima. Samahani nimekawia kuandika, kulikuwa na shughuli nyingi, na siku kadhaa sikuwa najisikia vizuri, si kitu.

Bahari ilikuwa chafu, sasa imesafika. Mwezi uliopita nilifika kumi na tatu. Kifua kilianza mapema, nikakiambia kinyamaze, kama ulivyosema. Kikanyamaza. Nilichelewa kidogo kurudi, ndiyo hivyo tu.

Kamba sikukunja. Nilidhani ni utani wako.

Tarehe ishirini na tisa maji yatakuwa mazuri. Nitajaribu kumi na tano. Nusu siku hiyo hana nafasi, nitakwenda na mwenye boti.

Msalimie mama.

Mjukuu wako.

*

16 Aprili

Mjukuu wangu,

Leo salamu ni fupi. Mama yako mzima, goti zima, miavuli mizima.

Barua yako imefika jana. Nimeisoma, nikaigeuza nyuma, nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nilikuwa namtafuta Nusu. Mtu ambaye kila kukicha anakuuliza umekojoa, leo ameshindwa kujibana pembeni ya karatasi aniulize hujambo? Tena ghafla hana nafasi siku hiyo hiyo moja? Mimi sikusoma sana, lakini mahali patupu naweza kupasoma. Na hukuniita mume wako. Na samaki hukumtaja hata mmoja.

Sikuulizi kitu. Ukitaka kusema utasema. Anayetakiwa kusema leo ni mimi, na nilitakiwa kusema mwezi wa pili, nikaona aibu, nikakuandikia ujinga wa kukunja viwiko.

Kwanza, sikio. Halikupasukia pima kumi na tano. Lilipasukia pima ya sita. Nilikuwa na mafua, pua imeziba, bibi yako asubuhi ile akaniambia, "Leo kaa." Nikakaa. Kisha ikapita boti ina wasichana wanne, mmoja akanipungia mkono, nikajitosa. Sikio langu liliondoka kwa ajili ya mkono ule, na mpaka leo sijui alikuwa ananipungia mimi au anafukuza nzi.

Pili, kifua. Sijawahi katika maisha yangu kukiambia kinyamaze. Kwikwi ya kwanza ikinipiga nilikuwa nageuka mbio kama mtu aliyekumbuka ameacha maziwa jikoni. Samaki akiwa mbele ya pua yangu, namwambia kwaheri ndugu. Yale maneno niliyaandika kwa sababu yalikaa vizuri kwenye karatasi. Tangu jana nayaona kila nikifumba macho.

Tatu, kamba. Hapa ukae.

Tulikuwa na mwenzetu tukimwita Bingwa. Kamba yake alijipimia mwenyewe, na kila mwaka aliongeza fundo. Siku moja alimfuata samaki akalipita fundo la mwisho. Waliompata ni watu wengine, siku nyingine. Wiki ile ile bibi yako alichukua kamba yangu, akakaa kizingitini, akafumua mafundo yote moja moja. Akasema, "Kuanzia leo napima mimi." Nikamwacha. Nilidhani ni huzuni.

Unamkumbuka alivyokuwa. Kichwa chake kilinifika kwapani, na mimi mwenyewe si mnara. Miaka mitatu nikaifuata kamba yake. Kumi, kumi na mbili, mwisho kumi na tano! Nikawa mtu maarufu. Nikipita, watu wanasema huyo. Nikafika mahali nikawa natembea mikono nyuma.

Ikawa siku moja kamba imeanikwa, mimi sina kazi, nikasema niipime kujifurahisha. Mafundo kumi na tano. Kwa mikono yangu mimi, mtu mfupi, nikapata pima kumi na mbili. Nikarudia. Kumi na mbili. Nikaelewa kwamba hakutumia ufupi wake tu. Alikuwa anakunja na viwiko.

Nikaingia jikoni nimefura, kamba mkononi inaburuta. Alikuwa anakoroga chungu. Akanitazama mimi, akaitazama kamba.

"Umeipima?"

"Nimeipima."

"Umepata ngapi?"

Mjukuu wangu, nilikuwa nimeandaa maneno tangu uani, mengine sijawahi kuyasema hadi leo. Nikaona vidole vyake vimeukaza ule mwiko kama anavyoukaza ukingo wa mtumbwi mimi nikiwa chini. Nikasema, "Kumi na tano."

Akarudi kwenye chungu chake. Hatukulizungumza tena mpaka alipokufa. Yeye alitaka nirudi, mimi nilitaka sifa, na kamba moja ikatutosha wote wawili.

Kwa hiyo huyo babu unayemkimbiza huko chini hayupo. Kumi na moja yako, kwa mikono hiyo ya ngazi, ndiyo kumi na tano yangu. Kumi na tatu umenipita zamani, na hakuna mtu wa ukoo huu aliyewahi kufika unakotaka kwenda. Mimi nakupa sifa zote, zichukue, hata hapa barazani nitazitangaza. Lakini tarehe ishirini na tisa usiende. Mwenye boti akikaa ndani ya boti anavuta sigara yake, hakutazami wewe, anatazama sigara. Nenda kwa Nusu. Sijui ulimkosea nini, najua tu yeye ndiye mwenye haki.

Kamba naituma leo kwa kifurushi cha haraka. Mama yako alinikuta naanua nguo. "Baba, kulikoni?" Nikamwambia mtoto hana kamba ya kuanikia. Akaongeza vibanio sita. Utavikuta.

Babu yako.

Mwalimu mstaafu asijue habari ya wale wasichana. Ya kumi na mbili nitamwambia mwenyewe, nikipata nguvu.

*

12 Mei

Shikamoo mume wangu mfupi,

Umesamehewa, nami nisamehe. Mama hajambo? Goti? Miavuli imerudi kwa wenyewe?

Kifurushi kilifika tarehe ishirini na nane, saa nane mchana. Dada wa posta alikinusa akauliza kuna samaki ndani. Kamba ile baada ya miaka yote ya sabuni bado inanuka bahari, babu! Barua niliisomea pale pale kwenye ngazi za posta, nimekaa katikati ya njia, watu wananiruka.

Sasa na mimi niseme. Siku ile ya kumi na tatu sikuchelewa kidogo. Wakati wa kupanda nilikuwa najisikia raha, kifua kimetulia, naona mwanga wa juu unakuja. Zimebaki pima mbili nitoke. Kitu kinachofuata ninachokikumbuka ni Nusu ananitukana. Ameninyanyua kidevu juu ya maji, amenivua miwani ya kuzamia, ananipuliza usoni anasema, "Vuta hewa, mjinga wewe, vuta!" Nikavuta. Nilidhani nimesinzia. Nikamwambia, "Mbona umeniamsha?" Alinipiga kofi, kisha akalia mpaka tumefika nchi kavu.

Ndivyo inavyokuwa, babu. Kuzimia hakukupati chini, kunakungoja karibu na mlango. Kama angekuwa anatazama kitu kingine, hata kidogo tu, ningerudi chini polepole na raha zangu.

Usiku huo alisema, "Mwandikie babu yako ukweli, ukimaliza nitazama nawe tena." Nikakuandikia ile barua. Akaisoma, akaniwekea mezani, akaenda kulala. Ndiyo maana hukumwona.

Nilipotoka posta nilimkuta anaosha sinki. Nikamwekea barua yako na kamba. Alisoma amesimama, mikono ina povu. Alipofika pale jikoni, pa "umepata ngapi", akakaa chini kwenye sakafu. Akasema, "Huyu bibi ningezama naye."

Tukatoa kamba zote mbili nje, tukazilaza sambamba barabarani mbele ya nyumba, fundi wa baiskeli akatusogezea baiskeli zake. Kumi na tano ya bibi, mke mwenzangu, imeishia kwenye kumi na moja yangu, kasoro shubiri. Pale pale kifua changu kinapoanzia kwikwi. Nilisimama juu ya lile fundo nikacheka, babu, halafu nikaona mafundo yangu mengine yanavyoendelea mbele peke yao, yanapita duka, yanafika karibu na mtaro. Sikucheka tena.

Mwenye boti nilimwambia tarehe ishirini na tisa siendi. Tulilala mpaka saa nne.

Wiki iliyopita tumerudi kazini. Chini ya boya sasa inaning'inia kamba ya bibi. Imefifia, ina doa moja la kutu kwenye pima ya saba, nadhani ni kibanio cha mama. Nikashuka. Mkono unapita fundo moja moja, yako karibu karibu, nasikia kama mtu ananishika mkono kwenye ngazi za giza. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Hapo kamba ikaisha. Nikatazama chini, Mwenye Nyumba yuko mlangoni kwake, mbali, ananiangalia. Kwikwi ya kwanza ikanipiga. Nikamwambia kwaheri ndugu, nikageuka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Nikafika juu, nikavuta hewa, nikamwonesha Nusu kidole gumba. Alikuwa ameshaninyooshea mkono. Unajua alisema nini?

"Umekawia."

Siku hiyo tulipata changu wawili na kolekole mmoja, wote juu ya pima ya tisa. Mpishi kafurahi.

Mkeo mrefu.

(Babu, hujambo? Ni mimi Nusu. Kamba yake ya zamani nimeikata, tumefungia takataka. Ile nafasi ya dari fupi bado ipo?)

*

30 Mei

Kwa wake zangu,

Hatujambo wote. Goti la kulia limerudi kazini bila masharti. Mvua zimeanza, nimewarudishia watu miavuli yao yote, na mmoja umebaki hauna mwenyewe, mwekundu. Nimeutengeneza, nampa Nusu. Mwambie nafasi ipo, ila aje na godoro lake.

Barua yako nimeisoma mara moja tu, kwa miwani. Pale ulipofumba macho na pima mbili zimebaki, niliiweka chini, nikatoka nje, nikatengeneza mwavuli uliokuwa mzima. Kisha nikarudi nikamalizia. Mama yako aliuliza, "Mtoto anasemaje?" Safari hii sikufupisha. Nilimsomea yote, mwanzo mpaka mwisho. Halafu akauliza kitu kimoja: huyo Nusu anapenda kula nini.

Kwa mwalimu mstaafu nilikwenda Jumapili. Nilivaa shati la kola. Nikamwambia, "Mwalimu, ile pima kumi na tano ilikuwa kumi na mbili." Akaacha kunywa chai. Akauliza, "Nani aliipima?" Nikamwambia mke wangu. Akasema, "Basi kama mke wako alisema kumi na tano, wewe ni nani wa kubisha?" Mtu amesoma, yule.

Kamba usiirudishe. Ikae huko chini ya boya, na ikichakaa mkanunua nyingine, mkabidhi Nusu aipime, wewe usiiguse. Akikunja viwiko, geuka ukatazame pembeni.

Hapa mama yako amenunua waya mpya wa kuanikia, hauna mafundo, suruali yangu inateleza mpaka kwa majirani. Na watu wa barazani wananiuliza habari zako kila siku. Nawaambia mjukuu wangu sasa anashuka pima kumi na tano, sawasawa na babu yake, hazidi wala hapungui. Wanasema, "Kweli?" Nasema kweli tupu, naweza kuapa.

Bibi yako ndiye aliyepima.

Mumeo.